Mama wa Kyeshero anauliza: nibaki kwenye maombi au niende kwa mwanasaikolojia?

*Swali:* "Jambo Docta. Naandika kutoka Kyeshero, hapa Goma. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mabomba yalikauka na mdogo wangu akaenda ziwani kuchota maji. Mimi ndiye niliyemtuma. Risasi ikampata njiani. Tulimzika haraka, hatukuweka kilio. Tangu hapo silali vizuri, nashtuka bati likilia, na jerikani sizigusi tena, nalipa mtu aniletee maji. Kwenye chumba cha maombi wamesema ni roho ya mauti: nifunge siku saba, niache vidonge vya usingizi ninavyonunua farmasi, na Jumapili nitoe ushuhuda. Dada wa kituo cha afya anasema nimwone mwanasaikolojia. Nikienda, si nitakuwa nimepungukiwa na imani? Halafu wamama wenzangu wa AVEC, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanakuja kunitembelea kila mara, najua wananipenda, lakini wananichosha. Na mtoto wangu wa miaka saba bado anauliza mjomba atarudi lini."

*Jibu:* Mama, jambo, na pole sana kwa mdogo wako. Pole pia kwa muda wote huu uliokaa na msiba usiowekewa kilio.

Umeniuliza kuhusu maombi, vidonge, wageni na mtoto, na yote nitayajibu. Lakini kuna jambo hukuliuliza, umelitaja tu na kupita: "Mimi ndiye niliyemtuma." Kazi hii imenifundisha kusimama hapo hapo, kwenye neno ambalo mtu amelipita haraka. Nadhani hilo ndilo linalokuamsha usiku, kuliko bati na kuliko roho yoyote. Nadhani pia huenda hujalitamka mbele ya mtu hata mmoja, hata mama yako mzazi.

Tuliokuwa Goma siku zile tunakumbuka. Umeme ulikatika, maji yakakatika, watu wamejifungia ndani wakiangalia jerikani zinavyopungua. Ziwa liko pale pale, unaliona, lakini kulifikia ni lazima utoke nje. Kila nyumba ilijiuliza swali hilo hilo: watoto wakae na kiu, au mmoja wetu atoke? Wewe ulijiuliza, na majirani zako walijiuliza. Wengi waliotoka walirudi na maji.

Ukikutana na msaidizi aliyefundishwa vizuri, hatakuambia "usijilaumu". Hilo umeshaambiwa na halikusaidia kitu, kwa sababu moyoni ulijibu: hamjui ninachokijua mimi. Yeye atakuomba umweleze kwa sentensi moja kwa nini unadhani jambo hili lilitokea. Utasema: kwa sababu nilimtuma. Hatakukatiza wala hatakubishia. Ataanza kuuliza polepole. Asubuhi ile ndani mlikuwa na maji kiasi gani? Watoto walikuwa wamekunywa lini mara ya mwisho? Milio ilikuwa upande gani, na ilikuwa imenyamaza kwa muda gani ulipomwambia aende? Majirani wengine walikuwa njiani? Yeye mwenyewe alisema nini alipochukua jerikani? Na mwisho kabisa: kama ungejua kwamba risasi itampata, ungemtuma?

Swali la mwisho linauma, na watu wengi hulia wakifika hapo. Jibu lake unalijua. Basi dada aliyemtuma asubuhi ile na dada anayejihukumu leo hawajui mambo yale yale. Wa leo anajua risasi ilipita wapi. Wa siku ile alijua kwamba jerikani ni tupu na watoto wanataka maji. Wewe unamhukumu huyo wa siku ile kwa habari ambayo hakuwa nayo, na hukumu hiyo umekuwa ukiisoma kila usiku kwa zaidi ya mwaka.

Kujilaumu kunashika kwa sababu nyingine pia. Aliyefyatua risasi humjui, huna pa kumshitakia. Wewe unapatikana kila saa. Tena kujilaumu kunakupa aina fulani ya ulinzi: kama kosa ni langu, basi nikiwa mwangalifu vya kutosha hakuna mtu wangu atakayekufa tena. Ndiyo maana huzigusi jerikani. Sikusemi vibaya, akili yako inajaribu kuwalinda waliobaki. Lakini bei ya ulinzi huo ni usingizi wako, na imekuwa kubwa mno.

Njia hii ya kuyachunguza mawazo imejaribiwa huku kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, kwa wanawake 405 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipewa msaada wa kumsikiliza na kumwelekeza mtu mmoja mmoja. Vingine vilipewa vikao 12, karibu vyote katika kikundi, vya kuyakabili mawazo kama hilo lako. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii, wale tunaowaita APS, wanawake wa huku huku waliosoma sekondari kisha wakafundishwa kazi hiyo. Washiriki wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa wayashike kichwani. Miezi 6 baada ya vikao kwisha, waliobaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi mkali walikuwa asilimia 9 katika vikundi hivyo, na asilimia 42 kwa wale wengine. Wao walipitia ukatili tofauti na msiba wako, lakini kujilaumu kulikuwa katikati ya maumivu yao kama kulivyo katikati ya yako. Kwa hiyo ukienda kituo cha afya, usidai daktari mkubwa. Omba APS anayefanya kazi ya vikao, uliza vitakuwa vingapi, na uliza kama utakuwa na mtu yule yule mpaka mwisho.

Sasa imani. Hapana Mama, hutakuwa umepungukiwa. Angalia ni nani waliotujengea nyumba za tiba hii. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa 1999, ni ya kanisa la Kipentekoste, CEPAC. Daktari Denis Mukwege aliyeianzisha, yule aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji na yeye mwenyewe ni mchungaji. Pale mwanamke akishatibiwa mwili anapewa mwanasaikolojia, anapewa mwanasheria, anasaidiwa kupata riziki, na hakuna anayemwambia achague kati ya hayo na sala. Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya hapa Goma, vituo vya magonjwa ya akili, ni kazi ya watawa wa Kikatoliki, Frères de la Charité. Watu hawa walisali, wakaona kwamba sala yao inawatuma kutafuta dawa na wataalamu.

Kuhusu roho ya mauti sitabishana na wachungaji wako, hiyo si kazi yangu. Lakini dalili walizoziona nazifahamu. Mtu anayeshtuka bati likigongwa, anayekwepa vitu vya siku ile, anayeamka usiku moyo ukidunda, mwili wake umebaki kwenye zamu ya hatari baada ya hatari kupita. Na huzuni inayoendelea kumbana mtu kwa ukali ule ule kupita miezi 6, ikimzuia kuishi, leo inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kama hali inayohitaji msaada wake maalumu. Hakuna aibu ndani yake, na si wewe peke yako. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita karibu mtu 1 kati ya 5 anaishi na huzuni kali, wasiwasi, mshtuko usiokwisha au ugonjwa mwingine wa akili.

Kufunga siku saba nakukataza waziwazi. Mwili ambao haujalala, ukiunyima na chakula, unaweza kuanza kuona na kusikia vitu, na chumba cha maombi kitasema roho imejidhihirisha. Soma tena 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia asiuawe, ameketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu afe. Je, aliambiwa afunge? Alilala. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Maswali ya "unafanya nini hapa, Eliya?" yalikuja baadaye sana, mlimani. Ukitaka kumjibu mchungaji kwa Neno, mjibu kwa hilo, kwa heshima.

Na sala usiiache, hata siku moja. Ila jipe ruhusa ya kusali sala za namna nyingine. Vyumba vyetu vya maombi vimezoea sala za ushindi, za kukemea na kupiga kelele, na mwenye msiba akisali hivyo kila usiku anachoka kama aliyelima. Fungua Zaburi ya 13, ile ya "Hata lini?" Fungua ya 88, ambayo inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kufurahi mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Mtu aliyeomboleza mbele za Mungu hajakosa imani. Anasema na Mungu ukweli wake.

Vidonge. Hukuniandikia jina. Kama ni diazepamu, ambayo inauzwa hapa mjini karibu kama peremende, sikiliza vizuri: dawa hiyo haitibu mshtuko wala msiba. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri isipewe watu waliopatwa na janga kama lako kwa ajili ya dalili za mshtuko na kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza. Inalaza kidogo, kisha mwili unaizoea na kuidai. Lakini kama umeimeza kila siku kwa wiki nyingi, usiiache ghafla kama walivyokuambia, maana wasiwasi unaweza kurudi mara mbili, na kwa wengine huleta mitukutiko kama ya kifafa. Peleka pakiti kituo cha afya, waone kipimo, wakupunguzie hatua kwa hatua. Ipo pia dawa ya huzuni ambayo daktari anaweza kukuandikia akiona inafaa. Hiyo huchukua wiki 2 hadi 4 kabla hujaona mabadiliko, kwa hiyo usiitupe wiki ya kwanza ukidhani haifanyi kazi. Kwa usiku wenyewe, ukiamka moyo unadunda, keti, weka miguu chini mpaka uhisi sakafu, vuta pumzi taratibu, na utoe kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Rudia mpaka mwili ushuke. Unaweza kuisindikiza na mstari mfupi wa zaburi. Wengi hapa hufanya hivyo.

Ushuhuda wa Jumapili: usitoe. Hapa sina maneno ya kulainisha. Kuna wakati hata mashirika ya misaada yaliwakusanya watu baada ya janga na kuwataka wamwage yote katika kikao kimoja. Leo njia hiyo haishauriwi tena, kwa sababu haimsaidii mtu na inaweza kumuumiza. Kusimulia mbele ya mia mbili, kipaza sauti mkononi, wakisubiri useme umefunguliwa, na ukitoka pale unarudi peke yako nyumbani kwenye jerikani zile zile? Habari ya mdogo wako ni yako. Utaisema kwa nani, lini, na kiasi gani, hilo unaamua wewe. Mwambie mchungaji: "Baba, bado niko njiani, siku yake ikifika nitakuambia." Mchungaji mwema atapokea. Akikulazimisha, au akisema uponyaji wako unazuiliwa na ukaidi wako, au akiomba sadaka ili mlango ufunguke, tafuta pengine pa kusali. Mimi hutumia kipimo hiki: anayekutaka uache msaada mwingine ili kuthibitisha kwamba unauamini wa kwake, hata kama ni mganga, mchungaji au daktari, mpishe.

Wamama wa AVEC sasa, na hapa nina mengi, kwa sababu hao ni hazina yako na unakaribia kuwakimbia.

Wanakuchosha kwa sababu wanakuja na maneno. Kila mmoja anafika na la kwake: Mungu ndiye ajuaye, jikaze, fikiria watoto, hata fulani alipoteza wawili. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Siku hizo saba walifanya vizuri sana. Walianza kuharibu walipofungua midomo. Wamama wako ni watu wema ambao hakuna aliyewaambia cha kufanya. Waambie. Mchague mmoja unayemwamini, awe msemaji wako kwa wengine. Mmoja aje kulala kwako usiku ule mbaya wa wiki (nadhani unaujua ni upi). Mwingine achukue watoto alasiri moja ili upumzike. Mwingine apike sombe alete sufuria, aiache mlangoni bila kuketi. Waislamu wa mji huu wanalijua hili kwa agizo la Mtume, aliyesema familia ya Jaafar iandaliwe chakula kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Chakula kwanza, maneno yakipatikana ni sawa, yasipopatikana ni sawa vilevile.

Na kuna kazi moja kubwa ambayo ningependa kikundi kizima kikusaidie: kilio cha mdogo wako. Hamkukiweka kwa sababu watu hawakuweza kutoka, na familia nyingi za Goma ziko katika hali hiyo hiyo. Hamjachelewa. Kwetu msiba ambao watu hawakuketi pamoja unabaki ndani ya nyumba, kila mtu na wake, na ninyi mmeishi hivyo tangu Januari ile. Haihitaji fedha nyingi, na najua fedha zilivyo tangu benki zilipofungwa mwaka ule. AVEC ina mfuko wa mshikamano kwa ajili ya magonjwa na misiba. Ombeni kutoka humo, hata kama kifo ni cha zamani. Viti vya kuazima, chai, moto uani usiku mmoja, picha yake mezani. Waiteni waliosoma naye, waliocheza naye mpira, waliofanya naye kazi, na kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka. Zungumzeni alivyoishi, maana mmekuwa mkizungumza dakika yake ya mwisho tu. Kama mchungaji atakuja kuongoza, aombwe kabla asihubiri juu ya roho ya mauti. Na kama utakuwa umefika mahali pa kuweza, mtu wa familia aseme mbele ya wote: "Alikwenda kuwachotea watoto maji." Usipojisikia kuwa na nguvu za kuisikia sentensi hiyo, isisemwe. Lakini kabla ya siku hiyo kaa na mama yako, wawili tu, na umwambie lile ulilonipitishia haraka. Kuna uwezekano mkubwa kwamba naye ana lake ambalo hajakuambia.

Jerikani na ziwa viache kwanza. Vitakuja katikati ya vikao, kwa hatua ndogo: kuigusa iliyo tupu, kuiosha, kutembea na mwenzako hadi Kituku, kule ziwani, bila kuchota chochote na kurudi. Mtu asikuburute kwenda kule "ili uzoee".

Ukianza kufikiri kwamba ni heri ungekufa wewe, ukiwaza njia ya kujiua, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au siku zikipita huli na huamki kitandani, usisubiri vikao wala Jumapili. Nenda siku hiyo hiyo kituo cha afya au Tulizo Letu, usiende peke yako, na vidonge vyote vilivyo nyumbani mpe mwenzako avitunze.

Mtoto. Mwambie ukweli, kwa maneno mafupi: mjomba amekufa, mwili wake hauwezi tena kuamka, hatarudi. Usiseme amesafiri, kwa sababu anayesafiri hurudi, naye ataendelea kumsubiri mlangoni. Usiseme amelala, maana ataogopa kulala. Atauliza tena kesho na wiki ijayo, na wewe umjibu yale yale bila kukasirika, maana watoto wa umri huo huelewa kwa kurudia. Akiuliza kwa nini alitoka nje siku ile, sema tulihitaji maji na kulikuwa na vita. Mtoto wa miaka saba anaweza pia kujiuliza kimya kama kiu yake ndiyo iliyomuua mjomba, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba hakuna alichokosea. Kwenye kilio awepo, akae karibu na mtu mzima anayempenda atakayemtoa nje akichoka, na kama anataka kuchora picha ya mjomba iwekwe mezani pamoja na nyingine, achore. Ila haya yote aambiwe kabla ya siku ya kilio, asiyasikie kwanza kwa wageni.